Kunguru wananing'olea mahindi Kentucky: nahitaji kibali gani, na risasi gani?

*"Salamu mtaalamu. Mimi ni Mkongo. Nilifika Marekani kama mkimbizi nikitokea kambi ya Nyarugusu, sasa nina kadi ya kijani. Naishi Lexington, Kentucky, na nimekodi ekari tano nje ya mji kwa mzee mmoja Mmarekani. Nalima mahindi, maharagwe na lengalenga (mchicha). Mwaka jana mwezi wa tano kunguru walining'olea mahindi mstari mzima mzima, yakiwa bado na majani mawili. Mwenye shamba ananiambia, 'Wapige tu, kunguru hana msimu.' Jirani anasema kunguru analindwa na serikali, lazima kibali kitoke Washington. Nilipokwenda kununua risasi, muuzaji aliniuliza kama nataka za chuma au za kawaida, nikashindwa kujibu. Mdogo wangu yuko hapa kwa viza ya masomo na yuko tayari kunisaidia Jumamosi. Sitaki kupoteza makaratasi yangu kwa ajili ya ndege. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu, pole na hasara ya shamba. Katika swali lako naona hofu mbili zimefungwa pamoja: mahindi ya mwaka huu, na makaratasi yako. Tuzifungue moja moja, maana sheria ya kunguru nchini hapa si nzito kama jirani anavyoisema, wala si nyepesi kama anavyoisema mwenye shamba.

Kwa kifupi: mwezi wa tano huhitaji kibali kutoka Washington, ilmradi kunguru wanaharibu mazao kweli na umetimiza masharti nitakayoyaeleza. Risasi za mwezi huo lazima ziwe zile zisizo na sumu, isipokuwa kwa bunduki za aina chache. Kuanzia tarehe 1 Septemba mambo yanageuka. Hapo unahesabiwa mwindaji, unahitaji leseni ya jimbo, na lile sharti la risasi linaondoka. Na mdogo wako asishike bunduki wala kubeba boksi la risasi mpaka umsomee sehemu inayomhusu hapa chini.

Ukishika jambo moja tu katika maelezo haya, shika hili: sheria inauliza kwanza kwa nini umempiga kunguru. Kunguru yule yule, shamba lile lile, bunduki ile ile, lakini risasi iliyo halali mwezi wa kumi inaweza kuwa kosa mwezi wa tano. Muuzaji alipokuuliza unataka za chuma au za kawaida, hakujua unazipeleka kwenye kazi gani. Jibu lilikuwa kwako.

Sisi tuliotoka upande ule wa dunia tunafika hapa na dhana zetu. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu ni mgeni. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka, akaishia kula vifaranga vya watu na makinda ya ndege wa asili. Serikali zenyewe humuua. Mwezi wa sita mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Basi mtu wa pwani akimwona kunguru Kentucky, anaona adui yule yule. Lakini kunguru wa Marekani ni mwenyeji wa bara hili, na sheria inamhesabu pamoja na ndege wahamao.

Hakuwa na bahati hiyo tangu zamani. Katika miaka ya 1930 na 1940, huko Illinois, miti ambayo makundi ya kunguru hulala wakati wa baridi ilitegwa baruti usiku, ikalipuliwa, wakafa maelfu kwa mkupuo mmoja. Sheria ya Mkataba wa Ndege Wahamao ilikuwapo tangu 1918, ila haikuwagusa. Mwaka 1972 Marekani na Mexico zilipoongeza ndege kwenye mkataba wao, jamii ya kunguru ikaingia. Kama mwenye shamba wako amezidi miaka 70, alikulia katika siku ambazo maneno "wapige tu" hayakuwa na ubaya wowote. Simlaumu, amebaki na sheria ya ujana wake.

Leo hii, kumuua kunguru nje ya utaratibu ni kosa la serikali kuu. Adhabu yake inaweza kufika faini ya dola 15,000 na kifungo cha miezi sita, na mahakama haihitaji kuthibitishiwa kwamba ulijua unavunja sheria. Ndiyo maana nafurahi umeuliza kabla.

Sasa tutazame milango miwili ambayo sheria imeiacha wazi.

Mlango wa kwanza ni uwindaji wa msimu. Serikali kuu imeyaachia majimbo yapange msimu wa kunguru, ila imeyawekea mipaka: jumla isizidi siku 124 kwa mwaka, msimu usiangukie kilele cha kutaga na kulea makinda, ndege asipigwe kutoka kwenye chombo cha angani, na zana ziwe bunduki, upinde na mshale, au ndege wawindaji waliofunzwa. Hawaii peke yake haina ruhusa kabisa, kwa sababu kunguru wao wa asili ametoweka porini na kubaki kwenye vizimba na majaribio ya kumrudisha. Kentucky imeutumia mpaka wake wote: msimu ni kuanzia 1 Septemba hadi 7 Novemba, kisha 4 Januari hadi 28 Februari. Hesabu mwenyewe: siku 68, ukiongeza 56, unapata 124 kamili. Ndani ya msimu hakuna kikomo cha idadi ya kunguru unaoweza kuwaua kwa siku. Nadhani hapo ndipo maneno ya mzee yalipochanganyika: kikomo cha idadi hakipo, msimu upo.

Lakini tazama kalenda yako. Mahindi ya Kentucky hupandwa Aprili na Mei. Kunguru anayang'oa wakati yeye mwenyewe ana makinda kwenye kiota, yaani wakati hasa ambao msimu umefungwa. Leseni ya uwindaji, hata ukiwa nayo mfukoni, haikufungulii mwezi wa tano.

Mlango wa pili ndio wako. Serikali kuu ina amri ya kudumu kuhusu ndege waharibifu, kifungu cha 21.150 katika kanuni za wanyamapori. Watu wa zamani bado wanaiita 21.43, namba yake kabla haijahamishwa. Amri hiyo inasema huhitaji kibali cha serikali kuu kumdhibiti kunguru ikiwa anadhuru vibaya mazao ya shamba au bustani au chakula cha mifugo, au analeta hatari ya kiafya au uharibifu wa majengo. Hapa jirani yako ndipo alipokosea. Kibali kimeshatolewa kwa wote, mradi kila mmoja afuate masharti yake.

Sharti la kwanza ni kwamba madhara yawepo. Kuwapiga mwezi wa tatu, kabla hujapanda, kwa sababu mwaka jana walikukomesha, hakumo. Mstari uliong'olewa unamo. Piga picha: miche iliyolala, mashimo ya mdomo, kunguru wenyewe shambani. Weka tarehe.

Sharti la pili watu wengi hulipuuza: kila mwaka wa kalenda lazima uanze kwa njia zisizoua kabla ya kushika bunduki. Kuamia ndege, kwa lugha ya nyumbani. Kanuni inataja mifano kama nyavu, bendera na utepe, mizinga ya gesi inayolipua mlio wa kutisha, sauti zilizorekodiwa na ndege wawindaji waliofunzwa. Ukiamia mwaka huu, mwakani unaanza upya kuamia. Ya mwaka jana haikubebi. Andika kwenye daftari ulifanya nini na siku gani. Ofisa wa wanyamapori akija shambani, na amri inakutaka umruhusu aingie akague, daftari hilo litakuokolea maneno mengi.

Sharti la tatu ni risasi, na hapa nitakaa kidogo.

Chini ya amri hii, ukitumia bunduki, kwa kawaida lazima utumie marisau (zile chembe ndogo nyingi za kupigia ndege) au risasi zisizo na sumu. Maana yake zisitengenezwe kwa madini ya risasi. Kwa marisau kuna orodha iliyoidhinishwa na serikali kuu, ile ile ya wawindaji wa bata: chuma, mchanganyiko wa bismuthi na bati, na aina kadhaa za mchanganyiko wa tangsteni. Soma boksi. Lazima liandikwe waziwazi kwamba ni chuma, au bismuthi, au aina nyingine ya orodha. Jihadhari na boksi lenye marisau yaliyong'arishwa kwa shaba: nje ni shaba, ndani ni madini ya risasi yale yale, na mbele ya sheria hiyo ni risasi yenye sumu. Nimeona wakulima wazoefu wakinunua hizo kwa kuamini rangi.

Kuna wanaofunguliwa. Sharti hilo haliwahusu wanaotumia bunduki ya upepo, bastola ya upepo, au bunduki ndogo ya .22, ile ambayo pini yake hugonga ukingo wa ganda badala ya katikati. Bunduki kubwa za rifali, kama .223, hazimo katika msamaha. Humo lazima upate risasi isiyo na madini hayo, kwa kawaida ya shaba tupu.

Kwa nini serikali inajali kunguru amekufa kwa madini gani? Kwa sababu ya wanaokuja baada yake. Mwewe, tai na kunguru wenzake hula mizoga. Vipande vya madini ya risasi vilivyobaki nyamani vinaingia tumboni, tindikali inaviyeyusha, sumu inakwenda kwenye damu na mishipa ya fahamu. Ndege wanaookota chembe za mawe kusagia chakula kwenye firigisi wanameza marisau yaliyotawanyika ardhini wakidhani ni changarawe. Ndiyo sababu kuanzia 1991 madini hayo yamepigwa marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa bata na bukini. Na wewe unalima lengalenga kwenye udongo huo huo. Sidhani kama unahitaji kushawishiwa sana.

Usitarajie chuma kiende kama ulivyozoea. Chuma ni chepesi kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo kinapoteza nguvu mapema. Kanuni ya wawindaji ni kupanda ukubwa wa namba mbili: kama ungetumia namba 6 ya kawaida, chukua namba 4 ya chuma. Kumbuka hapa namba ikipungua, chembe inakuwa kubwa zaidi. Usimpige kunguru aliye mbali. Mita 30 zinatosha, na kunguru ni ndege mdogo kuliko manyoya yake yanavyodanganya. Chuma pia ni kigumu. Kama mzee atakuazima bunduki ya babu yake yenye mitutu miwili na mdomo uliobanwa, usiilishe chuma kabla fundi wa bunduki hajaitazama. Bismuthi ni laini zaidi na hufaa bunduki kuukuu, ila bei yake itakuumiza.

Na hiyo .22 iliyosamehewa? Kisheria inaruhusiwa. Binafsi siipendi kwa ndege aliye mtini. Risasi yake ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, na ukiielekeza juu hujui inakoangukia. Marisau ya ndege hupoteza nguvu ndani ya mita mia mbili tatu. Kentucky ya karibu na Lexington imejaa nyumba, barabara na mashamba ya farasi wa bei ambayo mimi na wewe hatutaki kuijua. Kama ni .22, basi kunguru awe chini, na nyuma yake kuwe na kilima cha udongo. Kama ni bunduki ya upepo, ni kimya zaidi na salama zaidi, lakini ujue kulenga.

Msimu ukifunguliwa Septemba, sharti hili la marisau yasiyo na sumu haliji nawe. Kanuni ya kitaifa ya risasi zisizo na sumu ni ya bata na bukini, na Kentucky haijaipeleka kwa kunguru kwenye ardhi binafsi. Hifadhi za wanyamapori za serikali kuu zina masharti yao, soma kila hifadhi. Wasomaji walio California wasifuate maneno yangu kabisa hapa: kule, tangu 1 Julai 2019, madini ya risasi hayaruhusiwi kwa kumuwinda mnyama au ndege yeyote, popote jimboni. Kwako wewe ningesema nunua ya chuma kwa kazi zote mbili. Kuweka maboksi ya aina mbili ghalani, moja la Mei na moja la Oktoba, ni kujitafutia siku ya kukosea.

Leseni sasa. Kwa uwindaji wa msimu utahitaji leseni ya uwindaji ya Kentucky. Sheria ya jimbo humsamehe mkaazi anayewinda kwenye shamba lake mwenyewe, na mpangaji anayeishi na kufanya kazi kwenye shamba hilo. Wewe umekodi lakini unalala mjini, kwa hiyo usijihesabu humo. Leseni ya Kentucky huanza 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari, haidumu miezi 12 tangu siku uliyonunua. Ukinunua Januari, ujue umenunua wiki chache. Kama ulizaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, utahitaji pia kadi ya darasa la usalama wa uwindaji, na uwe nayo mwilini unapowinda. Darasa lina sehemu ya mtandaoni na siku ya uwanjani. Hata kama umri wako unakusamehe, nenda. Stempu ya serikali kuu wanayonunua wawindaji wa bata haimhusu kunguru, usiuziwe.

Kwa mwezi wa tano, amri ya serikali kuu haifuti sheria ya jimbo, lazima ufuate zote mbili. Ushauri wangu ni kuwa na leseni ya jimbo hata kwa kazi hiyo, na kabla ya yote kumpigia ofisa wa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky, makao yao yako Frankfort, umweleze shamba liko kaunti gani na unataka kufanya nini. Mwenye shamba akupe ruhusa kwa maandishi. Sheria inakubali hata ya mdomo, lakini mdomo hausomeki ofisa anapokusimamisha nawe Kiingereza chako kinakimbia. Usipige risasi ukiwa barabarani wala kuivusha barabara ya umma. Hilo ni kosa peke yake. Ndani ya mipaka ya mji, usifyatue kabisa mpaka polisi wa hapo wakuambie sheria yao ndogo inasemaje.

Makaratasi. Kentucky haina kibali cha jimbo cha kumiliki bunduki ndefu wala daftari la kuziandikisha. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni utajaza fomu 4473 ya serikali kuu, utaandika namba yako ya uhamiaji, utaonyesha kitambulisho cha jimbo chenye anwani ya sasa, na wataangalia rekodi zako. Mwenye kadi ya kijani hazuiwi na sheria ya serikali kuu kumiliki bunduki, na aliyepokelewa kama mkimbizi pia hayumo kwenye katazo la wenye viza za muda. Kinachoweza kukuzuia ni kama kinachomzuia raia: hatia ya kosa kubwa, hatia ya ukatili wa nyumbani hata ikiwa ndogo, amri fulani za mahakama, matumizi ya dawa za kulevya. Bangi inahesabiwa humo kwa sheria ya serikali kuu, hata pale jimbo linapoiruhusu. Jibu fomu kwa ukweli. Uongo kwenye karatasi ile ni kosa kubwa kuliko kunguru wote wa Kentucky.

Mdogo wako ni habari nyingine, na hapa nakuomba usome mara mbili. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, na viza ya masomo imo, kuwa na bunduki *au risasi*. Kifungo kinaweza kufika miaka 15, na baada yake kuna kufukuzwa nchini. Si lazima afyatue. Kukushikia bunduki wakati unaruka uzio kunatosha. Kubeba boksi la risasi kwenye begi lake kunatosha. Kuna msamaha: mwenye viza hiyo akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani, katazo hilo halimgusi. Wanafunzi wengi huwinda kwa njia hiyo, kihalali. Lakini leseni iwe hai siku hiyo hiyo. Ikiisha usiku wa mwisho wa Februari, asubuhi ya Machi yeye ni mkosaji akiwa bado na bunduki. Vyuo vingi navyo vinakataza silaha kwenye mabweni. Kama ni mimi, Jumamosi ningempa kazi ya kuamia: ahamishe utepe, apige debe, asogeze mzinga wa gesi. Mikono yake inahitajika hapo kuliko kwenye mtutu.

Na sasa niseme lile ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwa mtu anayefundisha uwindaji: kwa ekari tano, bunduki peke yake haitaokoa mahindi yako.

Kunguru hali jani. Anafuata mstari kwa sababu mche unamwonyesha palipo na punje, anauvuta, anakula punje iliyolainika kwa maji, anatupa jani. Hatari hiyo ni ya wiki mbili tatu tu tangu kuota. Punje ikishakwisha nguvu na mizizi ikishika, hana faida tena. Kwa hiyo unachohitaji ni kuzipita wiki hizo. Panda kina cha sentimita 5, ufukie vizuri, punje isibaki juu ya ardhi kumwita. Kuna dawa ya kupaka mbegu yenye anthrakwinoni. Haimuui ndege, inamchafua tumbo na anajifunza kuacha. Uliza ofisi ya ugani kama imeandikishwa kwa aina ya mahindi yako na kwa mwaka huu. Utepe unaong'aa, mzinga wa gesi na sanamu vyote hufanya kazi kwa siku chache, kisha kunguru anazoea, mpaka uvihamishe na kuvichanganya. Huyu ni ndege mwenye akili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walivaa vinyago wakati wa kuwakamata, na kwa miaka kunguru wa eneo lile waliendelea kumzomea yeyote aliyevaa kinyago kile, hata wale ambao hawakuwahi kukamatwa.

Akili hiyo hiyo ndiyo inayoipa bunduki kazi yake ya kweli. Kunguru mmoja au wawili wakiuawa wenzao wakiona, kundi linajifunza kwamba mlio ule si wa mzinga wa gesi mtupu. Ukimtundika aliyekufa kwenye mti katikati ya shamba, kichwa chini, wenzake wanapiga kelele na wengi wanapahama kwa muda. Kuua kumi au ishirini zaidi hakuongezi sana, kwa sababu wengine watakuja. Miezi ambayo hawang'oi mahindi wanakula pia viwavi, hata wale wanaokata miche. Wakulima wa zamani hapa wanalijua hilo, ingawa Mei hawapendi kukumbushwa.

Hakikisha ni kunguru kabla hujavuta kifyatulio. Milima ya mashariki ya Kentucky ina kunguru mkubwa, mwenye mdomo mnene na mkia unaochongoka kama kabari arukapo, sauti yake nzito ya kukoroma. Huyo hayumo kwenye amri wala kwenye msimu. Tumbusi weusi wanaosumbua ndama nao wanahitaji kibali chao cha peke yake. Mizoga ya kunguru uliowaua usiiuze, wala manyoya yao. Zika au choma, ukivaa glavu, kwa sababu ndege hawa hubeba virusi vya West Nile na siku hizi pia homa ya mafua ya ndege.

Mwisho wa mwaka kuna karatasi. Kila aliyetumia amri hii anapaswa kupeleka taarifa kabla ya tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata, kwa fomu 3-202-21-2143 ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani. Kwa Kentucky inakwenda ofisi ya vibali vya ndege wahamao ya kanda ya kusini-mashariki, Atlanta. Wanataka idadi ya ndege kwa kila mwezi, kaunti, na sababu. Daftari lako litakuwa limeshafanya kazi hiyo. Kunguru uliowapiga Oktoba kwa leseni hawaingii kwenye fomu hii; hao ni wa mlango ule mwingine.

Mwezi wa tatu, kabla hujapanda, nenda mwenyewe ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Ipo katika kila kaunti kati ya 120 za jimbo. Watakuja shambani kutazama udongo na mistari, na swali la mbegu wanalijua kuliko mimi. Kama kundi ni kubwa kuliko uwezo wako, uliza kitengo cha Wildlife Services cha Wizara ya Kilimo. Kazi yao ni migogoro ya namna hii hasa, na wanaweza kukuonyesha mzinga wa gesi unavyopangwa. Lexington ina wakalimani wengi wa Kiswahili. Omba mmoja badala ya kuitikia usichokielewa.

Ofisini kwa wakili wa uhamiaji uende kwa jambo moja tu, nalo ni la mdogo wako. Ikiwa kwa bahati mbaya ameshashika bunduki siku za nyuma bila leseni ya uwindaji, asilieleze kwa marafiki, asiweke picha mtandaoni, na asijaze fomu yoyote ya uhamiaji kabla hajakaa na wakili huyo.